Mashine ya boti inamisi: kabla hujatupa waya wa plagi

Nahodha mmoja wa Kunduchi aliniletea mashine yake mwezi wa tano, masika bado yanadondoka. Johnson ya zamani, silinda mbili, zile zenye sumaku ndani ya flaiwili (gurudumu zito la juu linalozungushwa na kamba) na pointi (swichi ndogo ya kukata na kuunganisha umeme) chini yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fundi, hii asubuhi hainijui kabisa. Ikifika saa nne ndiyo inaanza kuniitikia."

Nikafunua mfuniko. Nyaya za plagi mpya, nyeusi, zinang'aa. "Zina wiki mbili," akasema, "nimezitoa Kariakoo kwa mkono wangu mwenyewe." Nikakata ncha ya mmoja kwa wembe. Ndani hamna shaba. Kuna uzi mweusi laini, unaochafua vidole kama mkaa. Ni waya wa gari. Wa gari la petroli ni mzuri sana, ila si wa mashine hii. Na zile za zamani alizozitupa, kwa maelezo yake, zilikuwa zimeoza mwishoni tu, pale zinapoingia kwenye kepu, ile kofia inayovalishwa plagi. Zingekatwa kidogo tu na kurudishwa.

Kwa hiyo nitaanza na dalili, halafu ndiyo twende dukani. Anayeanza dukani hurudi huko mara mbili.

Kwanza: tatizo ni moto au mafuta?

Mashine ikikohoa, wengi pwani hukimbilia kabureta. Sawa, maji kwenye petroli ni ugonjwa wa kila siku huku, hasa dumu likishinda wazi kwenye boti. Ila kupima moto kunachukua dakika tano na hakuhitaji kufungua kitu cha maana.

Usipime kwa kulaza plagi juu ya injini na kuangalia kama inatoa cheche. Hewani plagi ina nafasi ndogo ya kuruka na hakuna kinachoizuia, hata koili (kile kinachokuza umeme wa plagi) mgonjwa ataruka hapo. Ndani ya silinda hewa imebanwa na pistoni, na kadiri inavyobanwa ndivyo umeme unavyohitaji nguvu zaidi kuvuka nafasi ileile. Plagi inayong'aa mkononi inaweza isitoe kitu ndani.

Mimi natumia ubao. Kipande cha mbao kavu, misumari miwili iliyochongoka inatazamana. Kwa mashine za pointi acha nafasi ya milimita 6. Kwa mashine za CDI, zenye boksi la kielektroniki badala ya pointi, acha kama milimita 11. Msumari mmoja unaingia kwenye kepu ya plagi, mwingine unafungwa kwa waya hadi kwenye chuma kitupu cha injini. Fungua plagi zote ili kamba ivutike kwa kasi, ziba matundu ya plagi kwa kitambaa ili mvuke wa petroli usikutane na cheche, sogeza tangi mbali, halafu vuta. Kama kuna waya wa pili ambao huupimi, nao uunganishe na chuma cha injini. Umeme ukikosa pa kwenda utajitafutia njia ndani ya koili, na hiyo njia ikishatoboka haizibiki.

Cheche nzuri ni ya bluu, nene, unaisikia inapasuka: ta! ta! Ya njano au nyekundu, nyembamba kama uzi, inayoruka mara moja na kuacha mara mbili, ni mgonjwa. Kama inaruka vizuri kila mvuto kwenye silinda zote, funga plagi zako, nenda kwenye kabureta, na hela ya waya ibaki mfukoni.

Asubuhi ngumu, mchana nzuri

Huyu ndiye mzee wa Kunduchi. Mashine imelala nje, umande umeshuka, chumvi ya jana bado ipo juu ya nyaya. Chumvi inavuta unyevu, na unyevu wenye chumvi unapitisha umeme. Gamba la waya likiwa na ufa, au kepu ikiwa imechoka, umeme hauna sababu ya kuhangaika kwenda mpaka kwenye plagi wakati chuma cha injini kipo hapo jirani. Jua likikausha, njia ya mkato inajifunga, mashine inawaka.

Kuna vipimo viwili, na vyote havina gharama. Cha kwanza ni giza. Subiri usiku, au jifunike na turubai, mashine ikiwa ndani ya pipa la maji (usiiwashe kavu, utaunguza impela, feni ndogo inayosukuma maji ya kupoza). Tazama nyaya bila taa. Ukiona mwanga wa bluu unatambaa juu ya waya au unadonoa kutoka kwenye kepu, umeshampata mwizi. Pili, kama gizani hakuna kitu, chukua chupa ya kupulizia, weka maji baridi, pulizia ukungu kidogo sehemu moja moja: kepu ya juu, kepu ya chini, katikati ya waya, mdomo wa koili. Pale mashine itakapoanza kutetereka ndipo penye kasoro. Mikono yako ikae mbali. Umeme wa huku ni wa maelfu mengi ya volti, na wa CDI unauma kuliko wa pointi.

Kwa mzee tulikuta mambo mawili. Waya wa uzi mweusi ulikuwa unapunguza nguvu ya cheche, na kepu za zamani zilikuwa na mistari myeusi ndani, myembamba kama nywele. Ile mistari ni njia umeme ulizochoma wenyewe, imebaki kaboni. Usihangaike na msasa. Kepu yenye mistari hiyo ni ya kutupa, hata kama kwa nje inapendeza.

Sailensa safi, ukiongeza mafuta inamisi

Hii inasumbua sana kwa sababu ufukweni mashine inaimba, watu wanapanda, mnaelekea visiwa vya Mbudya au Bongoyo, na mkishatoka kwenye maji ya utulivu tu inaanza kukata. Sababu ni ileile ya hewa kubanwa. Ukiwa sailensa, yaani mashine inazunguka taratibu bila kuongezewa mafuta, silinda inaingiza mchanganyiko kidogo na cheche inavuka kirahisi. Ukifungua mafuta yote, silinda inajaa, cheche inahitaji nguvu nyingi, na sasa ule ufa mdogo wa gamba, uliokuwa umetulia, unakuwa njia rahisi kuliko plagi.

Angalia mahali waya unapogusa chuma. Mtetemo wa mashine ya tu-stroki unasugua kama msasa, na kwa nje utaona mkwaruzo mdogo tu wenye vumbi jeupe au alama nyeusi. Kuna watu wanazungushia mpira wa tyubu ya baiskeli na tepu. Kwa kurudi nyumbani sawa, nimefanya hivyo mwenyewe mbele ya kisiwa cha Sinda. Kesho yake lakini ubadilishe, kwa sababu chini ya tepu chumvi inabaki na unyevu unabaki.

Kabla hujauhukumu waya, badilisha plagi na uangalie nafasi yake. Plagi iliyoliwa, yenye nafasi kubwa kuliko kitabu kinavyosema, inaleta dalili hiihii neno kwa neno.

Silinda moja imekufa

Mashine inawaka lakini haina nguvu, boti haipandi juu ya maji, na inatikisika kama imepanda matuta. Usichomoe waya mashine ikiwa inanguruma ili ujue ipi imekufa. Zamani mafundi walifanya hivyo, na koili nyingi na maboksi ya CDI yalikufa kwa mtindo huo. Zima, kisha fungua plagi zote: iliyolowa petroli na oili, nyeusi, inanuka, ndiyo ya silinda isiyochoma. Mwenzake itakuwa kavu, rangi ya kahawia.

Sasa hamisha kitu kimoja kimoja. Plagi ya juu peleka chini. Ugonjwa ukihama nayo, ni plagi. Usipohama, hamisha kepu kama ni za kukaza kwa skrubu. Usipohama tena, hamisha koili kama kila silinda ina yake. Ukihamisha vitatu kwa pamoja utakuwa umechanganya karata tu.

Hapa kuna mtego. Zipo mashine za silinda mbili zenye koili moja yenye nyaya mbili, na zinapiga plagi zote kwa pamoja. Kwenye koili ya namna hiyo umeme unatoka kwa waya mmoja, unavuka plagi, unapita kwenye chuma cha injini, unarudi kupitia plagi na waya wa pili. Ni mduara mmoja. Kwa hiyo waya mmoja ukikatika ndani, plagi zote mbili zinaweza kudhoofika au kufa, na wewe utabaki unalaumu CDI. Pima nyaya zote mbili kabla hujanunua boksi la bei mbaya.

Kupima waya kwa mita ya umeme, upande wa omu, ni rahisi. Waya wa shaba, kutoka ncha hadi ncha bila kepu, usome karibu na sifuri. Uusome huku unaukunja na kuuzungusha, maana shaba iliyokatika ndani ya gamba hugusana ukiunyoosha na kuachana ukiukunja. Kepu nyingi za Kijapani zina resista (kipande kinachozuia umeme kiasi) ndani, kwa kawaida kama omu 5,000. Kepu ikisoma mara kumi ya hapo, au isiposoma kabisa, imekufa. Kepu isiyo na resista isome sifuri.

Inapiga shoti ukishika mpini

Gamba limetoboka, au kepu haikukaa. Zima, tafuta, usisafiri nayo. Hapa hamna mjadala.

Waya mpya, mashine mbaya zaidi

Sasa dukani. Mashine nyingi za zamani, ziwe za pointi au CDI za mwanzo, zilitoka kiwandani na waya wenye kiini cha shaba, nyuzi nyingi nyembamba zilizosokotwa, unene wa nje milimita 7. Kila neno kwenye sentensi hiyo lina kazi.

Shaba, kwa sababu sumaku ya flaiwili inayozungushwa kwa mkono haina umeme wa kumwaga. Waya wa gari wenye uzi wa kaboni una ukinzani wa maelfu ya omu kwa kila futi. Uliwekwa makusudi ili redio ya gari isikoroge. Gari lina betri na koili kubwa, halijali. Wewe unayevuta kamba alfajiri unajali sana. Tena ule uzi haushiki. Koili nyingi za zamani zina mwiba ndani, waya unachomwa humo na mwiba unaingia katikati ya nyuzi za shaba. Kwenye kaboni mwiba unasagasaga, unaacha pengo, na pengo linaunguza kilichobaki. Baada ya wiki mbili unasikia yale ya mzee wa Kunduchi.

Nyuzi nyingi, kwa sababu waya wa uzi mmoja mnene unakatika kwa mtetemo.

Milimita 7, kwa sababu tundu la koili, mpira wa kupitishia na kepu vimekatwa kwa unene huo. Wa milimita 8 unauzwa kama "hevi diyuti" na watu wanaulipia zaidi. Nimeona mtu akiuchonga gamba kwa kisu ili uingie, yaani amelipa ziada ya gamba kisha amelitupa sakafuni. Mwembamba nao unaingia kirahisi, na maji yanaingia pamoja nao.

Muuzaji asipojua kiini ni nini, na mara nyingi hajui, mwombe akate ncha mbele yako. Shaba nyekundu inayong'aa ni sawa. Shaba iliyopakwa bati, rangi ya fedha, ni bora zaidi kwa bahari kwa sababu haishiki haraka ile kutu ya kijani. Mimi natembea na kipande cha sumaku kutoka spika ya redio iliyokufa: nyuzi zikivutwa, hicho ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, kiache hapohapo mezani. Uzi mweusi, hapana. Waya mwembamba uliozungushwa kama springi juu ya kamba, pia hapana kwa mashine hizi, maana mwiba hauna cha kushika.

Gamba la silikoni linavumilia joto vizuri lakini linachanika kirahisi likisuguliwa. La mpira mgumu mweusi linavumilia msuguano. Kwa boti la kazi nachukua la mpira.

Na tafadhali, waya wa nyumba hapana. Nimeshakuta waya wa kuwekea soketi umeunganishwa kwenye plagi pale Feri, na mwenyewe ananiambia "si shaba tupu hii, fundi?" Shaba ni shaba, kweli. Gamba lake limetengenezwa kwa umeme wa volti mia kadhaa, huku unapitisha maelfu.

Kepu za bodaboda nazo zimejaa kila kona na bei yake inavutia. Shida ni kwamba pikipiki nyingi zina plagi nyembamba kuliko za mashine hizi, ambazo uzi wake wa kukazia ni milimita 14. Kepu ya plagi nyembamba itakaa kichwani, lakini mpira wake wa kuzuia maji hautakumbatia kauri. Angalia pia kichwa cha plagi: kepu nyingine zinataka kile kikofia cha juu kiwepo, nyingine zinataka kifunguliwe ubaki msumari wenye uzi. Ukisikia kepu inacheza ukiitikisa, haijakaa.

Halafu hesabu resista zako. Kwenye plagi za NGK, herufi R katika namba, kama BR7HS badala ya B7HS, maana yake plagi ina resista ndani. Plagi ya R pamoja na kepu ya omu 5,000 ni resista mbili kwenye njia moja. Mashine ya sumaku na pointi itaisikia. Kinyume chake, zipo mashine za miaka ya karibuni zenye CDI inayopiga hesabu kama kompyuta ambazo ziliwekewa resista makusudi, na ukiziwekea shaba tupu na plagi isiyo na R, kelele ya umeme inachanganya boksi na mashine inamisi ovyo. Fuata kitabu cha mashine yako, au angalau fuata kilichotoka kiwandani.

Kuufunga

Wa zamani usiutupe mpaka mpya umefanya kazi. Pima urefu wake ukiwa umepita njia yake ileile, ongeza sentimita 2. Mfupi utavutika mashine ikitetemeka, mrefu utatafuta flaiwili.

Kama kepu yako ni ya skrubu na waya umeganda kwenye koili, jaribu kwanza kukata. Kata milimita 5 kwa kisu kikali, tazama shaba. Kama ina rangi ya kijani au nyeusi, kata tena. Ukifika kwenye shaba nyekundu, kaza kepu kwa kuizungusha kama skrubu ya mbao. Nusu ya "nyaya mbovu" ninazoletewa zinaishia hapa, bila kununua kitu. Ubovu ukiwa kwenye shina kabisa, pale waya ulipozamishwa ndani ya koili, usichokonoe. Hiyo ni koili mpya.

Kwa koili ya mwiba, kata ncha ya waya iwe wima kabisa, paka grisi ya silikoni kidogo kwa nje, sukuma huku unazungusha mpaka uhisi umegota. Kisha pima kwa mita hapohapo. Grisi ya bearingi usiiweke, inavimbisha mpira. Ukitaka kuziba mdomo kwa silikoni ya tyubu, inuse kwanza: inayonuka siki inakula shaba. Mwishoni kwenye plagi, zile za zamani zina springi yenye ncha inayotoboa waya. Hakikisha imechoma katikati kabisa ya kiini na haijapita pembeni.

Wa juu urudi juu, wa chini urudi chini. Ukizibadilisha nyaya kwenye mashine ya silinda mbili za kupokezana, plagi inapiga pistoni ikiwa chini, na mashine inapiga mlipuko kwenye kabureta au inarudisha kamba na kukuumiza mkono. Funga utepe mwekundu kwenye mmoja kabla hujachomoa chochote.

Bado inazima ikipata joto

Inawaka vizuri, inakwenda nusu saa, inakufa. Inapoa, inawaka tena. Waya mara chache hufanya hivi. Koili hufanya sana. Kwenye Johnson na Evinrude za miaka ya 1950 gamba la koili hupasuka kwa uzee, na nyufa hizo unaziona kwa macho ukishang'oa flaiwili, kwa pula (kifaa cha kung'olea), si kwa nyundo. Ukiwa humo angalia kondensa (kikopo kidogo kinachozuia pointi zisiungue), safisha pointi, weka nafasi ya inchi 0.020, yaani nusu milimita, na nyaya za plagi zinaanzia hapohapo, kwa hiyo zibadilishe zote kwa safari moja ya pula.

Mzee wa Kunduchi tulimwekea shaba ya milimita 7, kepu mbili mpya, plagi zisizo na R. Cheche ikaruka milimita 6 kwa mvuto wa kawaida. Kipande kilichobaki, kama futi mbili, alikiviringisha na kukitia kwenye dumu dogo lenye mfuniko pamoja na plagi moja, kisu, na ile sumaku yangu ya spika, ambayo bado sijarudishiwa.